Kamera ya Kwanza ya Familia: Pesa Iende kwenye Bodi au kwenye Lenzi?

Ndugu Mshauri,

Habari za kazi. Nimekuwa nikisoma majibu unayowapa wengine, leo nimeamua kuleta langu.

Nina watoto wawili. Binti yangu ana miaka sita, na mdogo wake ndiyo kwanza ameanza kutambaa. Baba mkwe wangu anaishi nasi. Umri umesogea, na wajukuu hawambanduki. Picha zote za nyumba hii nimezipiga kwa simu, na zile za mchana tukiwa nje sina malalamiko nazo. Shida yangu ni jioni. Sisi sote tunakutana jioni, sebuleni, chini ya taa moja, na hapo ndipo yanapotokea mambo ninayotaka kuyahifadhi. Binti akirukaruka, uso unatoka umevurugika. Mdogo akicheka, nikigusa simu keshageuka. Baba mkwe nilimpiga kwa ile hali ya simu inayotia ukungu nyuma ya mtu, ikamla kipande cha sikio na ukingo wa kofia.

Nimejiwekea akiba ya kununua kamera ya maana, na sitegemei kushika pesa kama hiyo tena kwa muda mrefu. Nimeuliza watu watatu, nimepata majibu matatu. Mfanyakazi mwenzangu anayepiga picha za harusi anasema nitafute kamera ya fulufremu iliyotumika, kama yake, kwa sababu kihisi kikubwa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ndicho kila kitu. Akiba yangu inatosha bodi hiyo, yaani kamera yenyewe bila lenzi, na lenzi moja ya kawaida, basi. Muuzaji dukani anataka nichukue seti mpya: kamera ndogo, lenzi mbili, begi na stendi, vyote kwenye boksi moja. Mume wangu anasema nisihangaike, ninunue simu mpya tu, maana kamera itaishia kabatini.

Nimsikilize nani? Na je, ni lazima nijifunze yale mambo yote ya namba na vitufe ndipo nipate picha nzuri? Mimi si mpiga picha wala sitaki kuwa. Nataka tu watoto wakikua wamwone babu yao vizuri.

Mama wa Wawili

*

Dada yangu Mama wa Wawili,

Sababu uliyoitaja mwishoni inatosha kabisa kununulia kamera, kwa hiyo sitakuambia uachane nayo. Maoni yangu ni haya: nunua kamera isiyo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), yenye kihisi cha ukubwa wa kati na uwezo wa kulitambua na kulifuata jicho la mtu, hata kama ni toleo la miaka michache iliyopita. Pesa inayobaki usiigawe kwenye begi na stendi. Iweke kwenye lenzi moja yenye mwanga, yaani inayofunguka sana na kuingiza mwanga mwingi.

Washauri wako watatu wote wamezungumzia chombo. Hakuna aliyekuuliza picha zako zinaharibika wapi na saa ngapi, ilhali jibu lote liko humo. Zinaharibika jioni, ndani ya nyumba, watu wakiwa kwenye mwendo. Mwanga ni mchache na mtoto hatulii, na mambo hayo mawili yanavutana. Mwanga ukipungua, kamera hutaka kuacha shata, lile pazia la ndani linaloruhusu mwanga, wazi kwa muda mrefu zaidi ili ikusanye wa kutosha. Mtoto akisogea katika muda huo, uso wake unaandikwa mahali pawili au patatu kwenye picha ileile. Simu nayo usiku hufanya hivyohivyo, au hupiga picha kadhaa kwa haraka na kuziunganisha kuwa moja. Ndiyo maana kochi na ukuta vinatoka safi, binti anatoka amevurugika.

Sasa tuangalie namba chache tu. Babu aliyekaa kwenye kiti akiongea unaweza kumpiga kwa kasi ya shata ya 1/60 ya sekunde, picha ikatoka imetulia. Mtoto anayecheza sakafuni anahitaji 1/250 hivi. Anayekimbia au kuruka, 1/500 au zaidi. Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta hadi mwisho wake, kwa kawaida hufunguka mpaka f/5.6, na nyingine huishia f/6.3. Lenzi isiyovuta (isiyo na zumu) ya f/1.8 hufunguka zaidi sana. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa. Ukilinganisha f/1.8 na f/5.6, ya kwanza inaingiza mwanga karibu mara kumi ya ile ya pili. Maana yake ni kwamba sebuleni kwako jioni, pale ambapo lenzi ya kawaida inalazimisha kasi ya 1/25, lenzi ya f/1.8 inakuruhusu kupiga kwa 1/250 bila kubadilisha kitu kingine chochote. Kwa 1/25 binti yako ni ukungu. Kwa 1/250 ana macho, meno na nywele zilizosimama hewani.

Ukishika hilo, ushauri wa mfanyakazi mwenzako unaupima mwenyewe. Ni kweli kihisi cha fulufremu ni kikubwa: milimita 36 kwa 24. Kihisi cha kati, kinachoitwa APS-C, ni kama milimita 23.5 kwa 15.6, na kwenye kamera za Canon ni kidogo zaidi ya hapo. Kwa eneo, fulufremu inazidi mara mbili na kitu, na faida yake gizani inalingana na hiyo: takribani hatua moja ya mwanga, yaani mwanga maradufu. Ni faida ya kweli, siibezi. Lakini lenzi niliyokutajia inakupa zaidi ya hatua tatu. Mtu mwenye fulufremu na lenzi ya f/5.6 amezidiwa, sebuleni jioni, na mtu mwenye kamera ndogo na lenzi ya f/1.8. Mwenzako anapiga harusi, anabeba lenzi za kikazi, na kwa mkusanyiko huo kihisi kikubwa kinamlipa. Wewe ungemaliza akiba yote kwenye bodi, halafu lenzi ikakurudisha palepale ulipo leo. Kuna na uzito: bodi hizo na lenzi zake si vitu vya kushika kwa mkono mmoja huku mwingine umebeba mtoto.

Seti ya muuzaji ina kasoro ileile, ila imefungwa vizuri zaidi. Ile lenzi ya pili ya kuvutia vitu vya mbali ni nzuri kwa michezo ya shule uwanjani mchana. Ndani ya nyumba haina kazi. Ina giza kuliko ya kwanza. Stendi hutaitumia kwa watoto wanaotembea. Ukiona kamera hiyohiyo inauzwa na lenzi moja ndogo, chukua hiyo, na tofauti ya bei iende kwenye lenzi ya f/1.8. Lenzi ndogo ya seti usiidharau, itakufaa mchana, na itakufaa mkiwa wengi kwenye chumba kidogo, maana inaona upana mkubwa.

Lenzi gani hasa? Milimita zikiwa chache, lenzi inaona upana zaidi. Kwa kihisi cha APS-C, tafuta ya milimita 35 isiyovuta, f/1.8 au karibu na hapo; zipo pia za f/2 na zinafaa. Kwenye kihisi hicho inaona kama lenzi ya milimita 50 na ushee ingeona kwenye fulufremu, umbali ambao ukikaa mkabala na mtu mezani unampata kichwa na mabega bila kumsogelea puani. Wengi huambiwa wanunue ya milimita 50 kwa sababu ni ya bei nafuu. Kwa picha za uso mmoja inapendeza sana, lakini kwenye kihisi cha kati inabana; ndani ya nyumba utajikuta mgongo umegusa ukuta na bado mjukuu mmoja yuko nje ya picha. Kama chumba chenu ni kidogo sana, hata ya milimita 23 hadi 28 ni sawa.

Hapa ndipo ningependa uende kinyume na mazoea ya wanunuzi wengi: chagua lenzi kwanza, bodi baadaye. Karibu kila kampuni ina mlango wake wa lenzi, yaani pale lenzi inapofungwa kwenye bodi, na ukishaingia kwenye mlango mmoja kuhama ni gharama. Sony ina mlango wa E tangu 2010, Fujifilm ina X tangu 2012, Canon na Nikon walianzisha RF na Z mwaka 2018, na Panasonic pamoja na Olympus walianza Micro Four Thirds mwaka 2008, ambayo kihisi chake ni kidogo zaidi, milimita 17.3 kwa 13. Zote zinatoa picha nzuri kwa familia. Kabla ya kulipia bodi yoyote, muulize muuzaji akuonyeshe lenzi ya f/1.8 au f/2 ya mlango huo, mpya au iliyotumika, ambayo akiba yako inaifikia. Asipoweza, nenda kwenye mlango mwingine hata kama bodi umeipenda.

Utashawishiwa pia kuchukua DSLR, zile kamera zenye kioo ndani, kwa sababu siku hizi zinauzwa kwa bei ya chini zikiwa zimetumika. Zinapiga picha nzuri, na lenzi zake zilizotumika ni nyingi. Kama akiba ingekuwa ndogo sana ningekuambia chukua bila wasiwasi. Lakini kwa mtu anayeanza, anayefukuzana na mtoto wa kutambaa, kamera isiyo na kioo ina faida mbili ambazo utazihisi siku ya kwanza. Kwanza, unachokiona kwenye kidirisha ndicho picha itakavyokuwa. Ikiwa giza unaona kabla hujabonyeza. Pili ni lile jicho. Kamera inautambua uso, inashika jicho lililo karibu na kuliganda mtoto akisogea mbele na nyuma. Ukipiga kwa f/1.8 eneo lililo kali ni jembamba mno, pua ikikaa sawa sikio limeshapotea, na kidole chako hakiwezi kuwahi. Sony a6400 ya mwaka 2019 inafanya kazi hiyo vizuri, Canon R50 ya 2023 inaifanya, na Nikon Z50 ya 2019 inatambua macho pia. Sikutajii hizi ili uchague mojawapo, nataka ujue tu kwamba huhitaji toleo la mwaka huu.

Megapikseli usizihangaikie. Megapikseli 24 ni picha ya nukta 6000 kwa 4000. Ukiichapisha kwa nukta 300 kila inchi unapata karatasi ya kama sentimita 50 kwa 34, kubwa kuliko fremu nyingi za ukutani.

Ukinunua iliyotumika, nenda na tochi. Mulika lenzi kutokea nyuma na uangalie ndani: nyuzinyuzi nyembamba zilizotanda kwenye kioo ni kuvu, na lenzi ya namna hiyo iache hata kama bei imeshuka nusu. Vumbi kidogo ndani si tatizo. Kisha weka f/16, piga ukuta mweupe, na uikuze picha. Madoa meusi ni vumbi kwenye kihisi, ambalo husafishika, lakini mkwaruzo hausafishiki. Uliza shata imepiga mara ngapi, angalia betri haijavimba, jaribu kila kitufe, ingiza kadi yako mwenyewe na upige picha kadhaa, na udai risiti au uthibitisho wa mwenye mali. Muuzaji akikuharakisha, ondoka.

Na dukani usiishike kamera kwa mikono miwili huku umetulia, kwa sababu nyumbani hutaishika hivyo. Ishike kwa mkono wa kulia peke yake, kama uliyembeba mdogo kwa kushoto, uone kama kidole kinafika kwenye kitufe. Kamera isiyokaa vizuri mkononi ndiyo hiyo mume wako anayoisema, ya kabatini.

Umeuliza kama ni lazima ujifunze yote. Hapana. Jifunze mambo manne na uyaache yalivyo. Weka kwenye alama ya A, ambayo Canon huiandika Av, ambapo wewe unachagua f na kamera inachagua kasi, na ufungue lenzi mpaka f/2. Weka ISO, yaani kiwango ambacho kamera inakuza mwanga iliopata, ijiendeshe yenyewe isizidi 6400, na kwenye menyu yake uiambie kasi isishuke chini ya 1/250. Kamera nyingi zina nafasi hiyo. Ulengaji (fokasi) uwe ule wa kuendelea, unaofuata kitu kinachosogea. Utambuzi wa jicho uwashe. Basi. Kitu kimoja tu cha kukumbuka baada ya hapo: wakiwa wawili au zaidi kwenye picha, babu na mjukuu mapajani mathalani, funga lenzi kidogo mpaka f/4, la sivyo mmoja atakuwa mkali na mwenzake atafifia. Kundi zima la familia, f/5.6, na mwombe kila mtu atulie.

Picha za ISO ya juu zitakuwa na chembechembe. Zikubali. Chembechembe hupunguzwa kwa programu, na kwenye picha iliyochapishwa ndogo hata hazionekani. Uso uliovurugwa na mwendo haurudi kwa programu yoyote ninayoiamini, kwa sababu zinachofanya ni kubuni uso mwingine, na wewe unautaka ule wa binti yako.

Flashi je? Ile ndogo inayotazama mbele iache, inapiga nyuso ubapa na kutupa kivuli kikali ukutani. Siku za usoni, ukipata pesa, nunua ile ya kichwa kinachogeuka, ielekeze juu kwenye dari nyeupe, na mwanga utashuka laini chumba kizima.

Sasa mume wako. Ana haki katika mambo mawili. Simu unayo muda wote, na mchana nje tofauti si kubwa kiasi cha kugombania, endelea kuitumia. Lakini simu mpya haitamaliza tatizo lako la jioni. Vihisi vya simu, hata vilivyokua, bado ni vidogo sana ukilinganisha na hivi tunavyozungumzia, na ule ukungu wa nyuma ni wa kukokotolewa: simu inakisia mtu anaishia wapi, ikikosea inakula kofia. Ukungu wa lenzi unatokana na umbali wenyewe, kwa hiyo sikio la baba mkwe litabaki mahali pake.

Kuhusu kabati, hilo liko mikononi mwenu. Kamera ikikaa ndani ya begi lake, imefungwa zipu, lenzi imefunikwa na betri iko kwenye chaja, hamtaitumia. Iweke kwenye rafu ya sebuleni, juu mtoto asikofikia, ikiwa na lenzi ya f/1.8 na kadi ndani. Betri za kamera zisizo na kioo huisha upesi, nyingi hutoa picha mia tatu hadi nne hivi kwa chaji moja kwa vipimo vya viwandani, kwa hiyo nunua ya pili. Kadi ya GB 64 inatosha. Na usiache picha zikae kwenye kadi peke yake: ziwe sehemu tatu, kompyuta, diski ya nje, na nakala moja nje ya nyumba, kwa ndugu au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Watu huanza kufikiria nakala siku diski inapokataa kuwaka, na picha za mtu mzee ni zile ambazo huwezi kurudia kuzipiga.

Baba mkwe usimngojeshe. Wakati unatafuta kamera, mpige kwa simu uliyonayo: msogeze kiti karibu na dirisha mchana, mwanga umjie kwa ubavu, zima taa ya ndani, acha ile hali ya ukungu, na usivute picha kwa vidole bali msogelee wewe.

Kuna jambo moja hukuuliza, lakini naliona sana kwenye albamu za familia. Picha za nyumba ambayo mama ndiye mpiga picha hazina mama ndani yake. Wewe umesema unataka watoto wamwone babu. Watataka kukuona na wewe. Kwa hiyo ukishapanga yale mambo manne, yahifadhi kwenye nafasi ya kumbukumbu ya kamera, ile ya C1 au U1 kwenye zile zilizo nayo, umwonyeshe mume wako kwamba kazi yake ni kugeuza kidude hadi hapo, kuelekeza, na kubonyeza. Mkabidhi kamera angalau jioni moja kila wiki, nawe ukae chini na watoto. Picha zake za mwanzo zikiwa zimepinda, usimsahihishe mbele yao, aendelee kupiga.